Kanda ya Ziwa inahesabu nini inapohesabu Mawaziri Wakuu?

Mwigulu Nchemba alipothibitishwa na Bunge kuwa Waziri Mkuu, Novemba 2025, ilirudi ile hesabu ambayo watu wa Mwanza huipiga kila jina jipya linapotangazwa. Monduli imeshatoa wawili. Mwanga imetoa mmoja aliyekalia kiti mara mbili. Pemba, Songea, Dodoma, Hanang, Katavi, Ruangwa, na sasa Iramba, zote zimepata. Na sisi je? Mkoa wa Mwanza peke yake ulihesabiwa watu 3,699,872 katika sensa ya 2022, una pamba, sangara na dagaa, umepakana na Geita yenye dhahabu, na haujawahi kutoa Waziri Mkuu hata mmoja. Ukiitazama kanda nzima utawapata wawili tu, Julius Nyerere wa Butiama na Joseph Warioba wa Bunda, wote wa Mara. Kwa majina, hesabu hiyo haina kosa. Kosa liko kwenye kinachohesabiwa. Tangu 1961 cheo cha Waziri Mkuu kimebeba kazi zisizofanana hata kidogo, na uzito wake umetegemea Rais aliyepo na majalada anayokubali yapelekwe kwenye meza ya msaidizi wake. Kanda inayodai zamu ya cheo bila kuuliza kazi iliyomo ndani yake inaweza kupewa zamu hiyo na isione tofauti yoyote.

Tuanze pale ambapo jina na kazi vililingana. Nyerere alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika kuanzia Mei 1961, na baada ya uhuru wa Desemba 9 mwaka huo aliongoza serikali chini ya Malkia Elizabeth II aliyewakilishwa na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull. Nyerere ndiye alikuwa mkuu wa serikali kwa maana kamili: Malkia alitawala kwa jina, Waziri Mkuu akaamua. Januari 22, 1962, siku 44 tu baada ya uhuru, Nyerere alijiuzulu ili akaijenge TANU, na Rashidi Kawawa akachukua nafasi. Kawawa alikaa miezi isiyofika 11, lakini katika muda huo mfupi serikali yake ilipitisha sheria nzito za vyama vya wafanyakazi na ile ya kuweka watu kizuizini bila mashitaka. Desemba 9, 1962 nchi ikawa jamhuri, Nyerere akawa Rais mtendaji, na cheo cha Waziri Mkuu kikafutwa. Kwa hiyo waliowahi kuwa wakuu wa serikali kwa cheo hicho katika nchi hii ni wawili tu. Wote waliofuata, tangu 1972 hadi leo, wamekuwa wasaidizi wa mkuu wa serikali ambaye ni Rais. Katiba ya 1977 inalisema hilo waziwazi katika ibara ya 33: Rais ni Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu.

Cheo kilirudi Februari 1972, na sababu ya kukirudisha inafaa kukumbukwa na kila mtu anayeishi mkoani. Ulikuwa mwaka wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zilifutwa, za mijini zikafuata, na shughuli za mikoa zikawekwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu kupitia Wakurugenzi wa Maendeleo wa Mikoa. Kawawa wa 1972 hakuwa mkuu wa serikali kama alivyokuwa 1962, ila mikoa yote ilikuwa mkononi mwake: mipango na fedha za maendeleo za Mwanza, Mara na Ziwa Magharibi zilipita ofisini kwake. Mkulima wa pamba wa Kwimba au Magu aliuona uzito huo Mei 1976, vyama vikuu vya ushirika vilipofutwa, Nyanza kikiwamo, chama kilichotokana na vuguvugu la wakulima lililoongozwa na Paul Bomani enzi za mkoloni. Pamba ikabaki mikononi mwa Mamlaka ya Pamba. Wengi hapa kwetu walimlaumu Kawawa, kwa kuwa sauti iliyotangaza ilikuwa yake. Sheria ya kurudisha ushirika ilikuja 1982, Waziri Mkuu akiwa Cleopa Msuya. Mawaziri Wakuu walibadilika, Rais alikuwa yuleyule, na Mwalimu mwenyewe alikuja kukiri katika miaka ya 1980 kwamba kufuta ushirika na serikali za mitaa lilikuwa kosa. Alikiri kama kosa lake. Hakumtupia Kawawa, na alikuwa sahihi, maana uamuzi ulikuwa wa Rais na chama; Waziri Mkuu aliutekeleza.

Kipindi hichohicho kina tukio jingine la kwetu. Mwanza na Shinyanga, katika msako dhidi ya mauaji yaliyohusishwa na uchawi, watuhumiwa waliteswa na wengine wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Mapema 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kuwajibika kisiasa. Waziri Mkuu hakuguswa na jambo hilo. Liweke akilini, tutalirudia tukifika 2008.

Anayetaka kunipinga atamtaja Edward Sokoine, na hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa pili. Alishika nafasi Februari 1977 hadi Novemba 1980, akarudi Februari 1983, na mwezi mmoja baadaye nchi nzima ilikuwa katika vita dhidi ya wahujumu uchumi. Bidhaa zilizokuwa zimefichwa zikatoka, wafanyabiashara na watumishi wakakamatwa, sheria maalumu ikatungwa. Alikufa kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, Aprili 12, 1984, na hadi leo mtu akitaka kumsifu Waziri Mkuu yeyote humlinganisha naye. Je, Sokoine hathibitishi kwamba mtu akiwa imara cheo nacho huwa imara? Anathibitisha nusu. Uimara wake ulikuwa wa kweli, na hakuna wa kuubeza. Lakini chombo alichotumia kilikuwa imani ya Nyerere kwake, na imani hairithishwi. Salim Ahmed Salim, mwanadiplomasia mwenye jina duniani kote, alichukua kiti hichohicho siku 12 baada ya msiba na hakuna aliyeona mamlaka ya Sokoine yakihamia kwake. Kama nguvu ingekuwa ya kiti, angeikuta imemsubiri.

Chini ya Mwinyi cheo kilipata uzito wa aina nyingine, uliotokana na hesabu za Muungano. Rais alitoka Zanzibar, hivyo kwa Katiba ya wakati huo Waziri Mkuu alikuwa pia Makamu wa Kwanza wa Rais. Warioba (1985–1990), John Malecela (1990–1994) na Msuya aliporudi (Desemba 1994 hadi Novemba 1995) walishika vyeo vyote viwili. Kwenye karatasi, hakuna Waziri Mkuu wa jamhuri aliyewahi kuwa karibu na urais kuliko hao watatu. Tazama basi yaliyompata Malecela. Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, wabunge 55 wakadai Serikali ya Tanganyika, na mwaka 1993 Bunge likaikubali hoja yao. Mwalimu, aliyekuwa ameng'atuka urais tangu 1985 na uenyekiti wa chama tangu 1990, alimshutumu Malecela hadharani na kwa maandishi kwa kushindwa kumshauri Rais vizuri. Desemba 1994 Malecela akaondoka. Makamu wa Kwanza wa Rais na Waziri Mkuu kwa pamoja, na bado uzito wake haukufikia uzito wa neno la mstaafu wa Butiama.

Mfumo tulionao sasa uliundwa na marekebisho ya 1992 na 1994. Makamu wa Rais akawa mgombea mwenza, na Waziri Mkuu akabaki na kazi yake peke yake. Rais akishaapishwa ana siku 14 za kumteua. Ateuliwe mbunge wa jimbo, kutoka chama chenye wabunge wengi. Mbunge wa viti maalumu au wa kuteuliwa hafai. Haanzi kazi hadi Bunge limthibitishe kwa kura. Magufuli aliapa Novemba 5, 2015 na alilipeleka jina la Kassim Majaliwa siku ya 14 yenyewe, akapata kura 258 kati ya 351. Ibara ya 52 inampa Waziri Mkuu udhibiti, usimamiaji na utekelezaji wa kazi za serikali wa siku hata siku, pamoja na uongozi wa shughuli za serikali bungeni. Wanaokuza cheo hiki husoma hapo na kufunga kitabu. Wangeendelea hadi ibara ya 53 wangekuta kwamba katika utekelezaji huo anawajibika kwa Rais.

Bunge nalo linaweza kumwondoa, angalau kwa maandishi. Hoja ya kutokuwa na imani inahitaji saini za asilimia 20 ya wabunge wote, ipelekwe kwa Spika siku 14 kabla, na isiwe imepungua miezi sita tangu ateuliwe. Aprili 2012 Zitto Kabwe alikusanya saini hizo dhidi ya Mizengo Pinda, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuwachafua mawaziri kadhaa. Saini zilitosha. Kilichokwamisha ni kalenda: mkutano wa Bunge ulikuwa unakwisha na siku 14 zisingetimia. Mwezi uliofuata Rais Kikwete akapangua baraza, mawaziri wakaachwa, Pinda akabaki. Utaratibu wenye muda mrefu kuliko mkutano wa Bunge uliobaki ni silaha inayoweza kutishia, na wakati mwingine vitisho hivyo vinazaa kitu, lakini wenye uamuzi wa nani aondoke hawakuwa wabunge.

Mara moja tu Bunge lilimfikia Waziri Mkuu moja kwa moja. Februari 7, 2008, baada ya kamati teule ya Harrison Mwakyembe kusoma taarifa yake kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, Edward Lowassa alisimama bungeni akatangaza kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu. Kikwete akalivunja Baraza la Mawaziri. Linganisha na 1977: wakati ule waziri wa sekta alibeba mzigo, safari hii ulipanda hadi juu. Wapo wanaosema tukio hilo lilionyesha Bunge limekomaa. Nakubali kwa sehemu kubwa. Ila lilionyesha pia kazi ambayo mfumo huu umempa Waziri Mkuu bila kuiandika popote, nayo ni kuwa ukuta kati ya Rais na lawama. Kiti cha Rais hakikutikiswa.

Sasa nije kwenye hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika zaidi huku: kwamba kwao Waziri Mkuu hupata maendeleo, kwa hiyo Mwanza inapunjwa. Mfano unaotolewa ni Katavi, uliokuwa mkoa mwaka 2012 Pinda akiwa madarakani. Kweli. Lakini mwaka huohuo ilizaliwa pia mikoa ya Njombe, Geita na Simiyu. Miwili kati ya minne iko Kanda ya Ziwa, na hatukuwa na Waziri Mkuu. Chukua na maji. Chanzo cha Ihelele, Misungwi, kinachopeleka maji ya Ziwa Victoria hadi Kahama na Shinyanga, kinahusishwa kwa haki na Lowassa, mtu wa Monduli, aliyesimamia wazo hilo licha ya mkataba wa Naili wa 1929 ulioachwa na Waingereza. Alilisimamia akiwa Waziri wa Maji katika serikali ya Mkapa, Waziri Mkuu akiwa Frederick Sumaye. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya ghuba iliyokuwa ikiwasubirisha watu kivuko, liliwekewa jiwe la msingi na Magufuli Desemba 2019 na kufunguliwa na Samia Suluhu Hassan Juni 2025. Katika yote matatu, ukiuliza ni saini ya nani iliyolifanya jambo liwezekane, hutalikuta jina la Waziri Mkuu kwanza.

Yupo atakayesema basi cheo hiki ni mapambo. Huko nako ni kupotoka, na ajali ya kisiwa cha Ukara, Ukerewe, inaonyesha kwa nini. Septemba 20, 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Bwisya kutoka Bugolora, kikiwa kimebeba watu wengi kuliko uwezo wake, na zaidi ya 220 wakafa. Rais alitangaza maombolezo na kuagiza wahusika wakamatwe. Waziri Mkuu Majaliwa ndiye aliyefika kisiwani, akaongoza mazishi ya pamoja Septemba 23, akaunda kamati ya uchunguzi chini ya Jenerali mstaafu George Waitara. Wakati huohuo bodi ya TEMESA, wakala wa serikali unaoendesha vivuko, ilivunjwa na uteuzi wa mtendaji mkuu wake ukatenguliwa, na aliyefanya hayo ni Rais. Anayesimama ufukweni na wafiwa, anayezikutanisha wizara tatu au nne ambazo kila moja ingesubiri nyingine, anayeuliza taarifa iko wapi, ni Waziri Mkuu. Kazi hiyo ina thamani kubwa, na ikifanywa vibaya watu hufa mara ya pili kwa kusahauliwa. Kuteua na kutengua ni kwa Rais. Ndiyo maana ziarani husikia Waziri Mkuu akisema "namsimamisha kazi". Kwa mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, katibu mkuu au mkurugenzi wa halmashauri, ambao wote mamlaka yao ya uteuzi ni Rais, hana neno la mwisho.

Wala kiti hiki si ngazi ya kwenda Ikulu. Ukimwacha Nyerere, hakuna aliyewahi kuwa Waziri Mkuu akawa Rais. Msuya alifika tatu bora ya CCM mwaka 1995 na Salim akafika 2005, wote wakashindwa. Malecela na Sumaye walijaribu 2005, Pinda 2015. Lowassa alihamia upinzani mwaka huohuo wa 2015 na kupata karibu asilimia 40 ya kura, na bado hazikutosha. Walioingia Ikulu walitoka urais wa Zanzibar, wizara za Sayansi, Mambo ya Nje na Ujenzi, na umakamu. Sumaye alikaa miaka 10 na mwezi mmoja, muda mrefu kuliko wote mfululizo. Majaliwa alikosa siku chache tu kutimiza 10, na alivuka kutoka kwa Magufuli kwenda kwa Samia Machi 2021 bila kuteuliwa upya. Uvumilivu wao unastahili heshima. Nadhani pia unaeleza aina ya mtu anayedumu hapo: mtendaji asiyemfunika bosi wake.

Kwa msingi huo, kuna jambo la kutazama katika kipindi hiki kuliko kabila au wilaya ya Mwigulu. Kila Rais akiunda serikali hutoa tangazo la mgawanyo wa majukumu ya wizara katika Gazeti la Serikali. Humo ndimo nguvu ya Waziri Mkuu inapoandikwa. Kipimo chake kikuu ni TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Kikwete aliiweka Ofisi ya Waziri Mkuu. Desemba 2015 Magufuli aliihamishia Ofisi ya Rais. Kwa mwalimu wa Ilemela, muuguzi wa Sengerema au mvuvi wa Ukerewe anayesubiri zahanati, uhamisho huo ulikuwa mkubwa kuliko mabadiliko ya jina la Waziri Mkuu, kwa kuwa mishahara, majengo na wakurugenzi wao wako chini ya halmashauri. Lilipita karibu bila mjadala hapa Mwanza. Na mjadala wa Katiba mpya ukirudi, swali la maana kwa watu wa mikoani litakuwa kama msimamizi wa kazi za kila siku awe na kauli juu ya maofisa masuuli wanaoshika fedha za kazi hizo.

Jingine ni namna tunavyozipokea ziara. Waziri Mkuu akija, mabango huinuliwa, yeye huagiza gati lijengwe au kituo cha afya kikamilike ndani ya miezi mitatu, na uwanja hupiga makofi. Miezi mitatu ikipita kimya, watu husema amedharauliwa. Mara nyingi sababu haina uhusiano na dharau. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Agizo lisilo na kifungu katika bajeti iliyopitishwa haliwezi kulipiwa mpaka fedha zihamishwe kutoka kwenye kazi nyingine, na anayezihamisha lazima apate kibali. Fedha za mkoa wetu ziko Fungu 81 la bajeti ya serikali. Halmashauri huandaa makadirio yake miezi ya kabla na baada ya mwaka mpya, mkoa huyajumuisha, na Bunge huyajadili kuanzia Aprili. Diwani wa Ukara anayetaka gati aliingize kwenye mapendekezo ya kata Novemba, alitetee kwenye baraza la madiwani yakipitishwa, kisha mbunge amwulize Waziri Mkuu Alhamisi ya Aprili, kwenye maswali ya papo kwa papo, ni kiasi gani kimetengwa katika Fungu 81 kwa gati hilo. Akisubiri mkutano wa hadhara wa Agosti, atakuwa anamwomba mtu ambaye fedha za mwaka huo zimeshagawanywa mbele yake.